Sekunde 11, halafu "ndiyo, dokta"

Kabla hujaendelea kusoma, fanya jaribio dogo. Fungua saa ya kuhesabu sekunde kwenye simu yako, halafu jifanye wewe ni mchimbaji mdogo wa Nyarugusu, hapa mkoani Geita, na sasa hivi umekaa mbele ya daktari. Bonyeza, kisha sema kwa sauti:

"Dokta, mimi nimekuja kwa sababu ya kifua. Kilianza kama mafua tu, tulikuwa kule kwenye rashi, nikasema ni vumbi la karasha, nikanywa dawa za dukani kikatulia. Sasa kimerudi, na usiku natoka jasho mpaka shuka linalowa, halafu juzi asubuhi nimekohoa nikaona damu."

Kama umesema kwa mwendo wa kawaida, sekunde ya 11 imekukuta kwenye karasha, au ukiwa umewahi sana, kwenye dawa za dukani. Jasho la usiku bado. Damu bado. Na hivyo viwili ndivyo ambavyo daktari yeyote angevihitaji ili aanze kufikiria kifua kikuu.

Namba 11 sikuitoa hewani. Mwaka 2018 Naykky Singh Ospina na wenzake walichapisha uchambuzi wa mazungumzo 112 ya madaktari na wagonjwa yaliyorekodiwa Marekani. Kwanza waligundua kwamba ni katika asilimia 36 tu ya mazungumzo ambapo daktari alimpa mgonjwa nafasi ya kusema kilichomleta. Na hata waliopewa nafasi hiyo, wawili kati ya watatu walikatizwa. Nusu ya waliokatizwa hawakufikisha sekunde 11. Utafiti kama huo ulikuwa umeshafanywa na Howard Beckman na Richard Frankel mwaka 1984, wao wakapata sekunde 18. Tafiti hizi mbili hazikupima kwa njia ileile kabisa, kwa hiyo tusiseme kwa uhakika kwamba hali imezidi kuwa mbaya. Ila hakuna dalili kwamba imekuwa nzuri.

Sasa swali ambalo kila daktari huuliza moyoni: nikimwachia mgonjwa aongee, si atanimalizia siku? Kuna watu walilipima hili. Wolf Langewitz na wenzake, katika hospitali moja ya Basel, Uswisi, waliwaambia madaktari wasimkatize mgonjwa hadi amalize mwenyewe, huku saa ikihesabu kwa siri. Matokeo yalitoka mwaka 2002. Wagonjwa walikuwa 335, na kwa wastani waliongea sekunde 92. Karibu wanne kati ya watano walimaliza ndani ya dakika 2. Waliozidi dakika 5 walikuwa 7 tu, na madaktari wao walisema yale waliyosikia yalikuwa ya maana.

Najua utanijibu nini kama wewe ni tabibu wa zahanati: kaa huko na Uswisi yako, njoo uone foleni yangu ya Jumatatu. Ni kweli. Ukiwa na wagonjwa 40, dakika moja ya ziada kwa kila mmoja ni dakika 40, na hizo si kidogo kwa mtu ambaye hajanywa hata chai. Lakini weka na hesabu ya upande wa pili. Yule mchimbaji aliyekatizwa kwenye karasha ataondoka na dawa ya kikohozi. Atarudi kama atarudi, maana rashi nyingine ikisikika (dhahabu imetoka mahali, watu wote wanakimbilia huko) yeye naye ataondoka na kikohozi chake, akalale kwenye banda moja na vijana wengine kumi. Matibabu ya kifua kikuu cha kawaida huchukua miezi 6. Ukimkosa leo hujui utampata wapi.

Swali lenyewe lina umbo

Kunyamaza ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni namna unavyouliza, na hapa Geita ina mifano mizuri sana kwa sababu ya dhahabu.

Chukua swali rahisi kuliko yote: "Unafanya kazi gani?" Mtu anajibu "mkulima". Hajadanganya. Ana shamba la mihogo, ana mbuzi watatu. Ila miezi minane iliyopita alikuwa chini ya ardhi akichoronga mawe, au amekaa pembeni ya karasha, ile mashine ya kusaga mawe, akipumua vumbi lenye silika. Vumbi hilo huacha makovu kwenye mapafu, ugonjwa unaoitwa silikosisi, na mwenye silikosisi ana hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu. Kwenye picha ya eksirei magonjwa haya mawili yanaweza kufanana. Kwa hiyo kazi ya mgonjwa ni kipimo, sawa na joto la mwili. Na swali la "unafanya kazi gani" linapima jina analojiita mtu. Haligusi mahali mapafu yake yamekaa. Uliza hivi: "Umewahi kufanya kazi ya mawe? Duarani, kwenye karasha, popote? Mara ya mwisho lini?" Duara ni lile shimo la kuchimbia. Ukilitaja kwa jina lake, mgonjwa anajua umeshaelewa kwamba watu wanachimba, na kwamba hujakaa pale kumuuliza leseni.

Hata zebaki iko hivyo. Wachimbaji wadogo huichanganya na unga wa mawe kwenye mialo ili ishike dhahabu, halafu huichoma ili iruke, ibaki dhahabu. Inaporuka inakuwa mvuke, na mvuke huo ukivutwa unaathiri mishipa ya fahamu: mikono inatetemeka, usingizi unapotea, kumbukumbu inaanza kuteleza. Rwamgasa, kata ya Geita hii hii, ilichunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 chini ya mradi wa UNIDO wa zebaki, na madaktari wa mradi waliwakuta watu wenye dalili za sumu hiyo. Sasa mama amekuja na mikono inayotetemeka. Ukimuuliza "Unatumia zebaki?" umemuuliza kama polisi. Jibu la haraka na salama ni hapana, na huenda ni kweli, maana anayeichoma ni mume wake. Muulize, "Nyumbani kwenu dhahabu huwa inachomewa wapi?" Swali hili limeshakubali kwamba dhahabu inachomwa. Limebakiza mahali tu. Na mahali ndipo penye ugonjwa, kwa sababu jiko linalochoma dhahabu mara nyingi ndilo linalopika ugali wa watoto.

Kuna utafiti mmoja naupenda sana kuhusu umbo la swali. John Heritage na wenzake, mwaka 2007, waliwaomba madaktari 20 wa Marekani waulize swali moja karibu na mwanzo wa mazungumzo: kuna jambo jingine ungependa tuliongelee leo? Kwa Kiingereza swali hilo lina sura mbili zinazotofautiana kwa neno moja dogo. Sura ya kwanza inaegemea upande wa "lipo", ya pili inaegemea upande wa "halipo". Waliotumia sura ya kwanza walipunguza kwa asilimia 78 matatizo ambayo wagonjwa wangeondoka nayo bila kuyasema. Wale wa sura ya pili ilikuwa kama vile hawakuuliza kitu.

Kiswahili hakina maneno hayo mawili, kwa hiyo huwezi kutafsiri dawa hii ukaimeza hivyo hivyo. Lakini mwegemeo tunao, tena mkali. Sikiliza vyumba vyetu vya daktari: "Hakuna lingine?" Daktari ameshainamia faili, kalamu inaandika, na swali lenyewe limeanza na hapana. Mgonjwa anajibu "hakuna" kwa sababu ndilo jibu lililowekwa mezani. Linganisha na "Na lingine linalokusumbua ni lipi?", macho yakiwa kwa mgonjwa. Hapo ndipo unasikia, "Kuna kitu kidogo dokta, sijui kama kinahusika..." Hicho kitu kidogo ndicho kilichomleta. Ulinganisho huu wa Kiswahili ni wazo langu, mwenye nguvu aufanyie utafiti. Ni shahada nzuri ya uzamili imekaa hapo inasubiri mtu.

"Umeelewa?" "Nimeelewa"

Roy Kessels, mwanasaikolojia wa Uholanzi, alikusanya tafiti za kumbukumbu mwaka 2003 akaonyesha kwamba asilimia 40 hadi 80 ya maelezo ya daktari husahaulika papo hapo, na karibu nusu ya yanayokumbukwa yanakumbukwa vibaya. Dawa yetu ya tatizo hili ni neno moja: "Umeelewa?" Na mgonjwa ana jibu moja.

Fikiria "sijaelewa" inamgharimu nini mzee wa miaka 60 mbele ya kijana wa miaka 26 mwenye koti jeupe. Ni kukiri ujinga, au kumwambia kijana kwamba hajui kueleza. Zote mbili ni aibu. "Ndiyo, dokta" ni adabu, ni kama kuitikia salamu, na haisemi chochote kuhusu alichokishika kichwani.

Kuna namba za Tanzania zinazoonyesha jinsi adabu hii inavyofunika mambo. Katika mradi wa Staha, wilaya za Korogwe na Muheza mkoani Tanga, Margaret Kruk na wenzake waliwauliza wanawake waliotoka kujifungua kama walidharauliwa au kutendewa vibaya. Walipoulizwa wakiwa wanatoka kituoni, asilimia 19 walisema ndiyo. Wengine walipofuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye, ikawa asilimia 28. Uzazi ni uleule na vituo ni vilevile, ila sasa mama amekaa kwenye mkeka wake, hakuna nesi anayepita nyuma. Ukitaka kujua kama wagonjwa wako wanaridhika, mlango wa kituo ni mahali pabaya pa kuulizia.

Basi tufanyeje? Mwombe mgonjwa akurudishie, ila mzigo ubebe wewe. Usiseme "hebu rudia nilichosema", hiyo ni darasa la pili na fimbo iko mezani. Sema hivi: "Baba, nimeongea mambo mengi na huwa sielezi vizuri. Ukifika nyumbani, mama akikuuliza umeambiwa nini, utamwambiaje?" Akikosea, kosa ni la maelezo yangu, naeleza tena kwa njia nyingine. Dean Schillinger na wenzake, San Francisco, walisikiliza madaktari wakiongea na wagonjwa wa kisukari. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: kati ya kila mambo mapya 100 yaliyoelezwa, madaktari walihakikisha yameeleweka 12 tu. Wagonjwa ambao daktari wao alihakikisha walikuwa na sukari iliyodhibitiwa vizuri zaidi, na mazungumzo yao hayakuwa marefu kuliko ya wengine.

Njia hii hufichua mambo ambayo hungeyawaza. Dawa ya mseto ya malaria, kwa mtu mzima, ni vidonge 4 kila dozi, dozi 6 kwa siku 3. Dozi ya pili inafuata saa 8 baada ya ile ya kwanza, zinazobaki ni asubuhi na jioni. Kwenye bahasha tunaandika 4 x 2 na kusema "asubuhi na jioni, umeelewa?" Mchimbaji wa zamu ya usiku analala asubuhi. Asubuhi yake ni saa kumi jioni. Muulize atamwambiaje mwenzake na atakujibu, "Nikiamka vinne, nikilala vinne," ambayo kwake ni saa kumi jioni na saa mbili asubuhi: saa 16 upande mmoja na saa 8 upande mwingine. Hapo ndipo mnakaa pamoja: umeze vinne hapa sasa hivi, saa 5 asubuhi. Saa 1 jioni ukiwa unaingia duarani, vinne. Saa 1 asubuhi ukitoka, vinne. Kisha kuingia na kutoka hivyo hivyo mpaka viishe, na ule kwanza. Hakuna kitabu kitakachokupa maelekezo ya "ukiingia duarani, ukitoka duarani". Yamo mdomoni mwa mgonjwa.

Mkalimani wa darasa la tano

Hapa lazima niseme langu. Nilipokuwa darasa la tano nilimsindikiza bibi yangu kwa daktari. Bibi alikuwa anaongea Kisukuma, Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, na daktari alitoka mkoa mwingine. Bibi akaeleza kwamba haja ndogo inamtoka yenyewe, na kwamba kuna kitu anakisikia kinashuka. Mimi nilielewa kila neno. Nikamwangalia daktari nikasema: "Anasema anaumwa tumbo." Tukaondoka na dawa za tumbo. Bibi aliishi na shida ile miaka mingine mingi, na hakuna mtu aliyejua kwamba aliisema, isipokuwa mimi.

Baadaye nikiwa chuo nilikutana na utafiti wa Glenn Flores na wenzake wa mwaka 2003. Walirekodi mazungumzo 13 tu katika kliniki ya watoto Marekani, ya familia zinazoongea Kihispania, wakahesabu makosa ya tafsiri. Walikuta 396. Asilimia 63 ya makosa hayo yangeweza kuathiri matibabu, na wasio wakalimani wa kazi walikosea vibaya zaidi. Mmoja wa waliotafsiri alikuwa mtoto wa miaka 11. Nilifunga kompyuta siku hiyo nikatoka nje kidogo.

Vijiji vingi vya Geita na Shinyanga bado vina bibi kama yule, na wafanyakazi wa afya wanapangiwa kazi kutoka Mtwara, Moshi, kokote. Kusema "mwangaluka" asubuhi na "mwadila" mchana, na kumwita mama wa makamo "mayu", hakukufanyi uelewe Kisukuma, ila bibi anajua kwamba anaonekana. Kisha mtafute mtu mzima wa jinsia yake: muuguzi, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, hata mfagizi kama bibi amekubali na ameelezwa kwamba yatakayosemwa hayatoki. Mtoto apewe soda akae nje. Na ukiongea mwangalie bibi, umwambie "bibi, maumivu yalianza lini?" Ukimwambia mkalimani "mwulize yalianza lini", tayari bibi ameshatoka chumbani ingawa bado amekaa pale.

Haya yote watu huyaita kipaji. "Nesi yule ana roho nzuri." Roho nzuri ipo, lakini Lesley Fallowfield na wenzake, mwaka 2002, waliwapima madaktari 160 wa saratani Uingereza, wengi wenye uzoefu wa miaka. Waliopewa maoni ya maandishi peke yake hawakubadilika sana. Waliokaa siku 3 wakifanya mazoezi, wakirekodiwa na kujitazama, ndio waliobadilika namna ya kuuliza. Kwa hiyo semina ya kusoma slaidi kuhusu huduma kwa mteja, na posho mwishoni, tusitegemee makubwa.

Mazoezi ya aina hiyo Geita inayajua. Mpango wa Safer Births ulifanyika katika vituo 30 vya mikoa mitano: Geita, Shinyanga, Mwanza, Tabora na Manyara. Wakunga na madaktari walifanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, kwa mwanasesere, kisha wakakaa kujadili nini kilienda vibaya. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya akina mama vimepungua kwa karibu robo tatu. Mpango ulikuwa na vifaa na mambo mengine pia, kwa hiyo siyatupi yote kwenye mapaja ya mawasiliano. Lakini timu inayofanya mazoezi inajifunza kuongea. Mama anavuja damu, mtu anapaza sauti "leteni oksitosini!" na watu wanne wanabaki wanaangaliana. Aliyefanya mazoezi anamtaja mtu kwa jina, anataja kiasi, na aliyetajwa anarudisha: "Oksitosini yuniti 10, natoa." Kisha: "Imeshaingia." Ni lile lile la "utamwambiaje mama nyumbani", ila safari hii ni kati ya wafanyakazi wenyewe na damu iko sakafuni.

Kama wewe ni mwanafunzi wa afya, huhitaji mradi ili uanze. Tafuta wenzako wawili. Mmoja awe mgonjwa mwenye siri moja aliyoiandika kwenye karatasi, mmoja daktari, wa tatu ashike simu na kurekodi dakika 3. Sikilizeni mara mbili. Hesabuni sekunde kabla ya kukatiza, hesabuni "umeelewa?" ngapi, muone kama siri imetoka. Badilishaneni. Mimi mara ya kwanza nilipojifanya daktari, nikiwa nimeshasoma tafiti zote hizi, nilimkatiza mwenzangu kwenye sekunde ya 7. Siri yake ilibaki kwenye karatasi.